Mpishi wa Mabwana na Supu ya Maskini



Katika ukurasa huu tumezoea kuwaletea maisha ya watakatifu. Safari hii tunawaletea maisha ya mtu ambaye hakuna askofu atakayefungua kesi ya kumtangaza mtakatifu. Alikuwa mpenda sifa, mvaaji wa kofia zilizoinamishwa upande mmoja na makoti yaliyokatwa mshazari ili yasifanane na ya mtu mwingine yeyote, na alifanya biashara ya mchuzi wa chupa uliobandikwa sura yake mwenyewe. Jina lake ni Alexis Soyer. Alikuwa Mfaransa aliyeishi Uingereza katika karne ya 19, mpishi kwa kazi na mwandishi wa vitabu vya mapishi. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanagusa swali ambalo vikundi vyetu hulijadili kila Kwaresima, tunapokusanya unga na maharagi kwa ajili ya wasiojiweza: mtu anapompa mwenye njaa chakula, anampa nini hasa, na anamtazama kwa jicho gani anapokula?

Soyer alizaliwa mwaka 1810 huko Meaux, mji usio mbali na Paris. Kaka yake Philippe alikuwa mpishi, naye akamfuata jikoni akiwa bado mvulana. Kufikia mwaka 1830 alikuwa akifanya kazi katika jiko la waziri Polignac. Mwezi wa Julai wa mwaka huo wananchi wa Paris waliasi, umati ukavamia hata jiko la waziri, na inasimuliwa kwamba kijana Soyer aliokoka kwa kuanza kuimba wimbo wa mapinduzi kwa sauti kubwa, mpaka wale waliokuja kumpiga wakambeba mabegani. Ikiwa mambo yalikwenda hivyo au ikiwa mwenyewe aliitia hadithi chumvi, kwa vyovyote inamfanana.

Mwaka uliofuata alivuka bahari akamkuta kaka yake Uingereza, na mwaka 1837 akawa mpishi mkuu wa Reform Club, nyumba ya starehe ya wanasiasa wa London. Huko jina lake lilivuma. Siku ya kutawazwa kwa Malkia Victoria, tarehe 28 Juni 1838, aliandaa chakula cha asubuhi kwa wageni 2,000. Jengo jipya la klabu lilipofunguliwa mwaka 1841, jiko lake lilikuwa la ajabu kwa wakati ule: walipikia kwa gesi, mvuke ulifanya kazi za mikono, maji baridi yalipitishwa ili kuhifadhi samaki, na kila tanuri liliwekewa joto lake. Watu wa heshima waliomba ruhusa kulitembelea, na Soyer mwenyewe aliwatembeza kwa furaha ya mtu anayeonyesha kasri lake. Mke wake, Emma, alikuwa mchoraji hodari. Waliishi pamoja miaka 5 tu. Alifariki mwaka 1842 akiwa mjamzito, wakati mume wake yuko safarini Brussels. Soyer hakuoa tena.

Mwaka 1846 alitoa kitabu chake kikubwa cha kwanza, *The Gastronomic Regenerator*. Kiliuzwa kwa guinea moja, yaani shilingi 21, fedha ambayo mtumishi wa ndani hakuiona kwa urahisi. Inafaa mjue kwamba mwandishi huyu hakuwa mwandishi kwa maana ya kushika kalamu. Kiingereza chake kilichanganyika na Kifaransa mpaka mwisho wa maisha yake, akawa anaamuru kwa mdomo na makatibu wanaandika. Lakini kitabu kile tayari kinaonyesha jambo lililomtofautisha na wenzake: baada ya sahani za mabwana aliweka sehemu nzima iitwayo jiko la nyumbani, akieleza mambo ambayo wapishi wakuu waliyaona ni ya aibu kuyaandika, kama vile namna ya kutumia mabaki.

Wakati kitabu hicho kikisifiwa London, ng'ambo ya mlango mdogo wa bahari watu walikuwa wakifa. Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliharibu viazi vya Ayalandi, na wakulima wengi wa kule hawakuwa na chakula kingine. Waayalandi hao, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki wanaolima mashamba ya wenye ardhi, walikufa kiasi cha milioni 1 katika miaka michache, na wengine zaidi ya milioni 1 wakaihama nchi. Mwanzoni mwa mwaka 1847 Soyer aliandika barua magazetini akisema kwamba njaa inaweza kupiganwa kwa supu, ikiwa supu itapikwa na mtu anayejua kazi. Serikali, ambayo wakubwa wake walikuwa wakila chakula chake pale klabu, ilimtuma Dublin.

Tuelezeeni macho jiko lile, maana maelezo yake yamebaki. Lilikuwa banda la mbao na turubai, lenye mlango huku na mlango huku. Katikati palikuwa na chungu kikubwa cha galoni 300, karibu lita 1,360. Kukizunguka palipangwa meza nyembamba zenye matundu, na katika kila tundu bakuli, na kwenye kila bakuli kijiko kilichofungwa kwa mnyororo. Nje watu walisimama katika njia iliyopindapinda, iliyotosha watu 100. Kengele ilipigwa, watu 100 wakaingia, sala ikasaliwa, wakala. Dakika zilizohesabiwa kwa ajili ya kula zilikuwa 6. Kengele nyingine ikapigwa, wakatoka kwa mlango wa pili huku kila mmoja akipokea kipande cha mkate mkononi, na bakuli zikaoshwa kwa ajili ya 100 wengine. Lengo lilikuwa watu 1,000 kwa saa. Kwa wastani walilishwa zaidi ya 8,000 kwa siku. Mpangilio ule wa kuingia, kula na kutoka unaonekana mpaka leo katika majiko ya msaada duniani.

Sasa supu yenyewe. Katika mapishi yake ya bei ndogo kuliko yote, galoni 2 za maji, yaani karibu lita 9, zilipata robo ya ratili ya nyama, ambayo haifiki gramu 120. Ziliongezwa mafuta kidogo, vitunguu 2, nusu ratili ya unga, nusu ratili ya shayiri, chumvi, sukari kidogo, na mboga ambazo Soyer alisisitiza kwamba hata maganda na majani yake ya juu yanafaa. Bei haikufika peni 1 kwa bakuli kubwa.

Tulipoisoma hesabu hii katika kikundi chetu, tulimpelekea mama mmoja wa parokia ambaye amepikia harusi na matanga kwa zaidi ya miaka 20. Alitusikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema: “Wanangu, hapa nyama imepita juu ya maji kama ndege.” Kisha akanyamaza kidogo. “Lakini nileteeni shayiri hiyo hiyo, na watu 1,000 wanaongoja mlangoni, na fedha hakuna. Halafu mje mniulize mimi ningepika nini.”

Alisema pande zote mbili za mgogoro uliotokea mwaka ule ule. Waganga wakubwa, na jarida la *The Lancet* pamoja nao, walisema supu ya Soyer inajaza tumbo bila kumtia mtu nguvu, na kwamba maji mengi kwa mgonjwa wa njaa yanaweza kumdhuru. Soyer alijibu kwamba ladha husaidia mwili kupokea chakula na kwamba nyama peke yake si lishe yote. Sisi tunaona waganga walikuwa na haki zaidi. Mpishi wa mabwana alijua kuifanya robo ya ratili inukie kama ratili nzima. Mwili wa mtu aliyekonda haudanganyiki kwa harufu. Hata hivyo, lawama haikumhusu yeye peke yake. Bei ya supu ilipangwa na watu waliotaka iwe ndogo, na yeye alipewa kazi ya kuipatia ladha. Mwezi wa Julai 1847 majiko ya supu nchini Ayalandi kote yaliwalisha watu kama milioni 3 kila siku, na ni mojawapo ya mambo machache ya serikali ile yaliyozuia vifo kweli. Ilipofika majira ya baridi yalikuwa yamefungwa, na njaa ikaendelea.

Kuna jambo lingine la Dublin lililotusumbua kuliko kipimo cha nyama. Tarehe 5 Aprili 1847, siku ya ufunguzi, watu wakubwa wa mji walialikwa. Bendera zilipepea, gavana alikuwepo, mabibi waliovaa vizuri walionja supu na kuisifu. Na mtu aliyetaka kusimama na kutazama maskini wakila alilipa shilingi 5. Fedha hiyo ilikwenda kwenye sadaka, ndiyo. Lakini gazeti moja la Dublin liliandika kwa uchungu kwamba wanyama wa bustani hutazamwa wakilishwa kwa senti chache zaidi.

Wapo kati yetu waliowahi kusimama katika mstari wa msaada, na kadi mkononi, baada ya kukimbia nyumba. Walipofika katika habari hii ya shilingi 5, hawakuhitaji kuelezwa. Mmoja alisema njaa mtu huizoea kwa namna fulani, lakini kupigwa picha na bakuli mkononi hakuzoeleki. Mwingine akauliza kwa nini kijiko kilifungwa mnyororo. Jibu la kawaida ni kwamba vijiko huibiwa, na mpangaji yeyote wa karamu kubwa anajua hivyo. Lakini yule aliyeuliza hakuwa anauliza habari za wizi.

Kwa kuwa ninyi ni vijana wa parokia, hatuwezi kupita bila kutaja ile supu nyingine. Wakati wa njaa hiyo hiyo zilikuwepo jumuiya za Waprotestanti, si zote, zilizotoa chakula kwa masharti: njoo uhudhurie mafundisho yetu, umlete mtoto katika shule yetu, utapata bakuli. Familia zilizokubali zilibaki na doa. Kwa vizazi vingi, kusema nchini Ayalandi kwamba jamaa fulani “walikunywa supu” kulikuwa ni tusi. Jiko la Soyer lilikuwa la serikali, halikuuliza mtu dini yake, na tunaliandika hili kwa ajili ya haki. Wako pia Waprotestanti wengi, na hasa wale wa jumuiya ya Quaker, waliolisha bila kuuliza kitu na wengine wakafa kwa homa waliyoambukizwa na wale waliowalisha. Ni vizuri tuwakumbuke hao, maana mara nyingi habari ya ile supu ya masharti husimuliwa na wao wakasahauliwa.

Soyer mwenyewe aliondoka Dublin siku chache tu baada ya ufunguzi, akiwa amepewa karamu ya kumuaga na zawadi. Hapo ndipo tunapomwona akiwa mdogo kuliko sifa zake. Na kama angekufa mwaka ule, tusingewaandikia habari zake.

Lakini mtu huyo aliendelea kuwaza. Katika mwaka ule ule wa 1847 alitoa kijitabu cha mapishi kwa ajili ya maskini, cha peni 6, na sehemu ya bei yake ilikwenda kwa wenye njaa. Mwaka 1850 aliiacha klabu. Mwaka 1851, wakati wa maonyesho makubwa ya London, alifungua nyumba ya kulia iliyotaka kulisha mataifa yote ya dunia, yenye vyumba vilivyopambwa kwa namna ya kila nchi. Ikamlia maelfu ya fedha na kumwacha na madeni. Tunaipita haraka, ingawa yeye angependa tukae hapo zaidi. Mwaka 1854 ndipo alipotoa kitabu ambacho sisi tunakihesabu kuwa kazi yake kubwa, *A Shilling Cookery for the People*. Bei yake imo katika jina lake: shilingi 1. Kitabu cha kwanza kilikuwa shilingi 21.

Kitabu hiki kimeandikwa kwa namna ya barua za mwanamke mmoja, Hortense, kwa rafiki yake Eloise. Hortense anaeleza anayoyakuta katika nyumba za watu wa kawaida: sufuria iliyopo, moto uliopo, kipande cha nyama ambacho mchinjaji huuza rahisi kwa sababu wenye fedha hawakitaki. Soyer alikuwa amesafiri katika Uingereza akitazama watu wanavyopika, na inaonekana. Hamwambii mama wa nyumba anunue chombo asichoweza kukinunua. Mapishi mengi yanataka chungu kimoja. Anamweleza sababu: kwa nini nyama ngumu yataka moto mdogo na muda mrefu, kwa nini maji ya kuchemshia yasimwagwe. Akishajua sababu, atapika hata kile ambacho kitabu hakikukitaja. Makumi ya maelfu ya nakala yaliuzwa upesi.

Mtasema ni kitu kidogo, kuandika namna ya kuchemsha. Sisi tuliokua tukiona mama na dada zetu wakipika sombe bila kitabu chochote tunaweza kusahau kwamba maarifa hayo yalipokewa mkono kwa mkono. Katika miji ya viwanda ya Uingereza mkono huo ulikuwa umekatika: wasichana waliingia kiwandani wakiwa watoto, wakaolewa bila kuwahi kupika na mama zao. Hata kwetu wapo wasichana na wavulana waliokulia katika kukimbia, leo kwa shangazi, kesho kambini, ambao hawakupata jiko moja la kujifunzia. Kwa hao, mtu anayeandika kwa uwazi kiasi cha maji na muda wa moto anafanya tendo la huruma.

Kisha ikaja vita ya Krimea. Uingereza na Ufaransa zilipigana na Urusi, na magazeti ya London yakaandika kwamba askari Waingereza wanakufa kwa magonjwa, baridi na chakula kibovu kuliko kwa risasi. Florence Nightingale alikuwa amekwisha kufika katika hospitali ya Scutari, ng'ambo ya Konstantinopoli. Mwezi wa Februari 1855 Soyer aliandika gazetini kwamba yuko tayari kwenda bila kudai mshahara. Mwezi wa Machi alikuwa huko.

Alichokikuta hospitalini ni hiki. Kila kikundi cha wagonjwa kilipokea nyama yake mbichi, ikafungwa kamba kwa nguvu na kutiwa alama ili isipotee: msumari, kifungo cha zamani, kipande cha kitambaa. Vyote vilitupwa pamoja katika vyungu vikubwa. Nyama iliyofungwa sana ilibaki mbichi katikati, nyingine ilivunjikavunjika, na mchuzi ukamwagwa nje. Soyer hakuleta kitu kigeni. Alifungua kamba, akapunguza moto, akatunza mchuzi, akaengua mafuta yake na kuyatumia, akawafundisha askari wachache mpaka wakaweza kuendelea bila yeye. Kwa vifaa vile vile na mgao ule ule, wagonjwa walianza kula.

Na safari hii hakuondoka baada ya wiki moja. Kutoka Scutari alikwenda Balaklava, mbele kabisa, akaugua homa vibaya, akapona, akarudi kazini, akabaki mpaka vita ikaisha. Huko alikutana na Mary Seacole, mwanamke mweusi kutoka Jamaika aliyekuwa na nyumba yake ya kulisha na kutibu askari karibu na Balaklava, na wote wawili wakaandikana kwa heshima katika vitabu vyao vya mwaka 1857. Tunapenda kuwawazia wakibishana juu ya chungu, mpishi wa mabwana na mama ambaye jeshi halikumwalika.

Kwa ajili ya kambi alitengeneza jiko la chuma la mviringo, kama pipa, lenye moto uliofungiwa ndani chini ya chungu. Sisi tunaojua bei ya gunia la makala tunaelewa mara moja faida yake: moto uliofungiwa hautawanyi joto upeponi kama moto wa mafiga, hivyo kuni kidogo hupikia watu wengi, na mvua haiuzimi. Usiku adui hauoni mwanga wake. Jeshi la Uingereza lilitumia majiko ya namna hiyo, yakiitwa kwa jina lake, mpaka mwishoni mwa karne ya 20. Vitabu vyake vingi havisomwi tena, lakini askari ambao hawakuwahi kusikia habari za Reform Club waliendelea kusema, washa Soyer.

Alirudi London mwaka 1857, afya yake imevunjika. Mwezi wa Machi 1858 alitoa mhadhara mbele ya maofisa juu ya upishi wa jeshi, na alikuwa akitengeneza upya jiko la kambi ya Wellington pale London alipozidiwa. Alifariki tarehe 5 Agosti 1858, akiwa na miaka 48. Florence Nightingale, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu watu, aliandika kwamba wengine walijifunza upishi kwa ajili ya ulafi au maonyesho, na kwamba huyu peke yake aliufikiria kwa ajili ya kulisha watu wengi vizuri. Tunadhani Nightingale alimsamehe maonyesho mengi kwa kusema hivyo, na huenda alikuwa na haki, kwa kuwa yeye alikuwepo na sisi hatukuwepo.

Mali yake ilikwenda kwa wadai, na karatasi zake pamoja nayo. Alizikwa katika makaburi ya Kensal Green, chini ya mnara mkubwa aliomjengea Emma miaka mingi kabla. Juu ya mnara huo hakuandika sifa zake; aliagiza yachongwe maneno mawili tu ya Kiingereza, yenye maana ya “kwa ajili yake”.